Tanuri Haikuuawa na Bei ya Pareto

Asubuhi hiyo mke wangu Tabitha alikuwa akigeuza maua ya pareto, yale ya kutengenezea dawa ya wadudu, kwenye trei za waya, na Elias alikuwa amesimama mlangoni akimtania.

"Mama Samueli, maua yako bado mabichi. Utatuozeshea yetu."

"Ungegeuza maua jinsi unavyogeuza maneno, yangekuwa yamekauka jana."

Wanawake waliokuwa karibu walicheka hadi wakapiga chafya, maana vumbi la pareto huingia puani likakaa. Elias naye alicheka. Yeye ndiye aliyeshika funguo za jengo lile, na Jumapili tulikaa benchi moja kanisani.

Jengo lilikuwa la mawe. Wakulima walilijenga kwa mikono yao, moto wa kuni chini, trei juu, ghala kando. Kituo chetu cha biashara, huko juu kwenye baridi ya Bonde la Ufa, kilipata jina kutokana nalo. Tulikiita Tanuri. Kulikuwa na safu mbili za maduka, kinu cha kusagia mahindi, hoteli ya chai na kanisa la mbao. Waliolima pale walikuwa wa jamii mbili: wenyeji, na sisi ambao wazazi wetu walikuja kununua mashamba. Shambani kila mtu alikuwa na mpaka wake. Ghalani hapakuwa na mpaka. Magunia ya wote yalipangwa pamoja mpaka lori lije, na hakuna aliyetoa yake peke yake, kwa sababu mnunuzi humkandamiza mwenye mzigo mdogo.

Uchaguzi ulikuwa umepita, na redio ilikuwa ikisema watu wanagombania matokeo. Sisi tulikuwa na maua ya kukausha.

Alasiri ile Elias alikuja na trekta. Yeye na ndugu zake wakaanza kupakia magunia yao.

"Mbona hungoji lori?" nikamuuliza.

"Shemeji amenipatia mnunuzi. Nikikungoja wewe, Baba Samueli, nitazeeka."

"Ukiona bei ni nzuri, utuite."

"Nitawaita."

Baadaye walikuja wengine wa jamii yake, mmoja mmoja, na mikokoteni. Tuliwasaidia kunyanyua. Tulisema Elias amewatangulia wenzake kwenye hela kama kawaida yake, na kila mtu akaenda kwake kula.

Siku iliyofuata moshi ulionekana upande wa pili wa mlima. Watu walishuka wakikimbia, wamebeba watoto na masufuria, wakasema nyumba zinachomwa. Tulikutana wanaume, tukaamua wanawake, watoto na wagonjwa waingie tanurini. Hakuna aliyepinga. Kuta zilikuwa za mawe, na tulijua kwamba hakuna mkulima, awe wa jamii gani, anayeweza kuchoma ghala lenye jasho lake la msimu mzima. Tulisahau kwamba lao halikuwamo tena. Tuliwaona wakilitoa, na bado tulisahau.

Tabitha alikuwa na homa. Nilimpa koti langu.

"Usisimame mbele," akaniambia. "Wewe si kijana."

Nikaenda kusimama barabarani na wenzangu.

Walikuja kutoka pande mbili.

Mishale ilianza kabla hatujawaona vizuri. Aliyekuwa kulia kwangu alianguka. Tukarudi nyuma, halafu tukakimbia.

Nililala katikati ya mahindi.

Kutoka pale niliona mlango wa tanuri. Niliona kufuli likifungwa kwa nje. Niliona Elias. Hakuwa amejifunika uso. Alikuwa akiwaonyesha vijana tundu la kuni chini ya jengo, vile alivyotuonyesha sisi kila msimu.

Maua makavu hayachelewi kushika moto.

Sitaandika nilichosikia.

Moto ulipopoa tulitoa tulioweza kuwatoa, tukawazika pamoja, kwa kuwa hatukuweza kuwatenganisha. Tabitha nilimjua kwa vifungo vya koti langu.

Tulikaa kwenye hema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Huko nilikwenda polisi nikataja jina la Elias. Afisa aliniambia nirudi. Nikarudi, nikaambiwa nirudi. Mwisho nilielewa mwenyewe kwamba hakuna atakayekamatwa. Mwanangu Samueli, aliyekuwa akisoma Nairobi, alinichukua. Nikapata kibanda Kenyatta Market. Nilikataa upande wa nyama choma kwa sababu ya moshi, nikaanza kuwauzia wasusi nywele bandia. Mzee wa kanisa akiuza nywele, watu walicheka, nami nilicheka nao. Mungu amenipa chakula, ameniletea wajukuu, amenipa magoti ambayo bado yanakunjika kwa sala. Namshukuru kwa yote hayo, na si kwa mdomo tu.

Mchungaji wetu alinifundisha kwamba kisasi ni cha Mungu. Nimekubali. Nimemwachia. Lakini kila asubuhi namkumbusha.

Nilirudi Tanuri mara moja tu. Mabati yote yamekwenda, milango imekwenda, hata fremu za madirisha zimeng'olewa. Majani yameota ndani ya maduka. Kwenye ukuta wa hoteli bado pameandikwa CHAI TAYARI. Hakuna aliyehamia humo. Mashamba yetu yanalimwa na wengine, lakini katika mji wenyewe hata mbuzi hawaingizwi.

Mwaka huu, zaidi ya miaka thelathini baadaye, mjukuu wangu Neema, anayefanya kazi katika ofisi moja Hurlingham, alinipigia simu.

"Guka, kuna maonyesho ya picha huko tao. Miji iliyohamwa, historia na nini. Tanuri imo. Aki twende."

Tukaenda mjini. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana wenye kamera. Ukuta mzima ulikuwa Tanuri: maduka, kinu, tanuri lenyewe bila paa, jua likiingia vizuri sana. Vijana walisema ni urithi, lazima uhifadhiwe. Chini ya picha waliandika kwamba wakazi waliondoka bei ya pareto ilipoanguka.

Halafu msichana aliyeongoza shughuli akasema, "Tuko na bahati leo. Tumpigie makofi mzee wetu, ndiye alitutembeza huko kote."

Elias akasimama. Amezeeka, anatembea na fimbo, binti yake amemshika mkono. Alieleza vizuri. Alitaja mwenye kila duka, nani alisaga mahindi, nani aliuza chai. Mmoja akauliza jengo lile liliunguaje.

"Hitilafu ya moto," akasema. "Watu walikuwa washaondoka. Bei ilikuwa imeanguka, wakaja huku mjini kutafuta maisha."

Wakapiga makofi.

Neema alinishika mkono. "Guka, uko sawa?"

Nikasimama. "Elias. Habari yako?"

"Baba Samueli. Nilidhani ulikufa."

"Najua ulidhani. Nina swali. Siku tanuri liliungua, magunia yako yalikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeyauza."

"Kwa nani?"

"Ni zamani, ndugu yangu. Sikumbuki."

"Umekumbuka aliyeuza chai. Na magunia ya ndugu zako? Na ya jamii yako yote? Kwa nini ndani yalibaki yetu tu, na wake zetu?"

Nikawaambia vijana nani alikuwa ndani, kwa majina, mpaka pumzi ikaniishia. Sikupaza sauti. Binti yake Elias alimgeukia.

"Baba, magunia gani hayo?"

Elias alishika fimbo akaanza kuelekea mlangoni. Mimi niliona uso wa yule binti, na naandika ukweli: nilifurahi.

Baada ya muda binti huyo, Ruth, alinitafuta Kenyatta Market. Alikaa kwenye kigoda cha wateja.

"Shikamoo, mzee. Baba hali chakula. Watu wanamtazama vibaya hata kanisani. Anaomba useme umemsamehe, hata kwa simu."

"Asimame palepale, mbele ya wale aliowadanganya, aseme. Na awataje aliokuwa nao."

"Hawezi. Wengine ni ndugu zake."

"Basi tumemaliza, mama."

"Ni mgonjwa, mzee. Anaweza kufa hivi."

"Hapana," nikamwambia. "Hilo nimelikataa."

Nilimnunulia soda, kwa kuwa yeye hakunikosea, nikamsindikiza hadi barabarani.

Vijana wameondoa yale maandishi chini ya picha. Hawajaandika mengine. Wanasema wanafanya utafiti. Hakuna atakayenirudishia Tabitha, na hata Elias akisema yote, nitarudi nyumbani kwenye kitanda cha mtu mmoja. Hilo nalijua. Sidai kwamba ninachokitaka kitaniponya.

Ila nimebadilisha maombi yangu. Zamani niliomba Mungu ampige. Sasa namwombea Elias afya. Naomba dawa zimfae, chakula kirudi kinywani, macho yaone, akili isipotee. Naomba azeeke kuliko sisi sote, na Ruth asichoke kumuuliza.

Jana nilisikia ameanza kula. Nilipiga magoti nikashukuru.