Jino la Tarumbeta

Mzee Gadiel alifika kliniki ya meno pale Sekei amekumbatia mfuko wa turubai. Ndani mlikuwa na tarumbeta yake, iliyosuguliwa kwa majivu mpaka ikang'aa.

"Shikamoo baba," alisema Daktari Namnyaki. "Na hiyo nayo inaumwa?"

"Marahaba, mwanangu. Inaumwa kwa ajili yangu."

Akaiweka mdomoni kumwonyesha inapoegemea: jino la mbele, la chini. Lilishatibiwa mzizi mwaka juzi, likatulia, sasa linauma upya. Kila akipuliza, maumivu yanapanda hadi sikioni. Tabibu mwingine alitaka kuling'oa, Gadiel akakataa. Tangu ujana wake ndiye anayetangulia bendi ya usharika alfajiri ya Pasaka, wakipita migombani kuamsha watu. Bila jino lile, pumzi ingevuja tu.

Mkewe Elieshi, aliyemsindikiza, akadakia, "Daktari, usiharakishe. Tangu anyamaze, kuku wangu wanataga kwa raha."

Namnyaki akacheka, akampiga picha kwa mashine iliyomzunguka kichwa. Kwenye skrini akaligeuza jino huku na huku, kama anayechagua parachichi. Nyuma ya mfereji uliozibwa zamani palikuwa na kivuli chembamba.

"Baba, mzizi huu una mifereji miwili. Ulitibiwa mmoja. Wa pili umejificha nyuma yake."

"Utaufikia?"

"Nitajaribu. Nikiukosa, sina budi kuling'oa."

Baada ya ganzi, akainamia darubini. Akatoa uzibo wa zamani, akachokoa polepole, akasimama, akachokoa tena. Gadiel, mdomo wazi, aliung'ang'ania mfuko wake kama aliyepakata mtoto mgonjwa. Mwishowe kisindano kikazama.

"Huu hapa," Namnyaki akanong'ona. Akausafisha, akauziba. "Lakini baba, usipulize mpaka nikuruhusu."

Walipofika nyumbani, Elieshi akaifungia tarumbeta kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Hata baada ya daktari kumruhusu mumewe, hakuufungua.

Alfajiri ya Pasaka, Gadiel alimkuta amesimama uani na kitochi, tarumbeta mkononi, imesuguliwa upya.

"Haya, Baba Ephraimu. Waamshe."

Akaipandisha mdomoni, akapuliza kidogo, akiyasubiri maumivu. Hayakuja. Akajaza kifua, akaachia sauti iliyopanda mteremko wote wa Meru. Bandani, kuku wa Elieshi wakaanza kulalamika, naye akawacheka huku akifuta macho.