Piano ya Nyamira na Mvua ya Alasiri

Nilimpeleka mama yangu Nyamira kwa sababu sikio lake moja lilikuwa limekufa, na la pili, daktari alisema, halina muda mrefu. Mama alipiga kinanda cha kwaya miaka mingi. Sasa alitamani kitu kimoja tu: kusikia piano ya kale ya wamisionari, iliyokaa bubu katika ukumbi wa kanisa moja huko tangu alipokuwa msichana. Kwamboka, binti wa huko aliyesomea ng'ambo ufundi wa vinanda vya zamani, alikuwa ameifufua. Angepiga kwayo muziki wa Ulaya wa enzi za piano yenyewe.

Jumapili asubuhi tulitoka Nyamache kwa gari la jirani. Njiani, pale Keumbu, nilitaka kushuka ninunue ndizi, Mama akakataa, akasema tutachelewa. Onyesho lilipangwa saa nne. Kwamboka mwenyewe ndiye aliyeing'ang'ania saa hiyo, maana huku kwetu mvua ni ya alasiri, na piano ile ina sauti nyembamba isiyoweza kubishana na mabati.

Nyamira tulifika mapema, tukakaa mstari wa mbele. Kwamboka alikuja kumwamkia Mama kwa mikono miwili. Alikuwa bado anamweleza jinsi alivyobadilisha nyuzi, mkaribishaji akatujia na beji yake kifuani.

"Mama, hizi viti ni za waheshimiwa," alisema. "Nyinyi mnaweza kaa huko nyuma."

Nilimweleza kwamba Mama hasikii vizuri. Akasema tutaangaliwa wageni wakishakaa. Tukahamia karibu na mlango, na viti vile vikabaki vitupu hadi saa sita. Nilivitazama muda wote huo.

Saa sita waheshimiwa wakaingia. Kwetu mgeni hawezi kukaa kimya: lazima asalimie watu, na kila aliyekuja naye lazima naye asimame asalimie. Nimelelewa katika desturi hiyo na sijawahi kuichukia kama siku ile. Mmoja alizungumzia barabara. Mwingine alizungumzia majani chai, kisha akamwita mkewe aongeze neno. Piano hakuitaja mtu. Mawingu yalipoanza kukusanyika nilimwendea mshereheshaji, nikamwomba, jamani, Kwamboka apige kwanza.

"Dada, tutafika hapo," alinijibu. "Wacha kwanza wageni wasalimie watu."

Saa nane na kitu Kwamboka akaitwa. Hakuwa amekaa vizuri kwenye kiti mvua ikashuka, ile mvua yetu isiyo na huruma, na ukumbi ule hauna dari. Niliona vidole vyake vikikimbia. Sikusikia hata sauti moja ya piano. Alitazama juu mara moja tu, akaendelea kupiga hadi mwisho, na uso wake sitaki kuukumbuka. Mheshimiwa wa barabara alikuwa akitikisa kichwa taratibu, eti anafuata muziki. Ningekuwa na kitu mkononi ningemrushia. Kwamboka alipoinua mikono, mheshimiwa huyo alisimama wa kwanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukasimama naye.

Jioni tulirudi. Mvua ilikuwa imekatika na barabara inang'aa. Nilitukana njia nzima: mkaribishaji, mshereheshaji, wake zao, mabati yao. Tukaipita Keumbu. Ndipo Mama aliponiambia kwa Ekegusii, lugha yetu, polepole, kwamba sikio lake limekwisha.

Nilimsogelea sikioni nikamwambia kwa sauti ya juu hapana, Mama, ilikuwa mvua. Hakuna mtu hata mmoja aliyesikia kitu mle ndani. Nilimwapia. Aliningoja nimalize.

"Mvua niliiona," alisema. "Lakini watu wote walisimama wakapiga makofi. Nilikugeukia nikuangalie. Hata wewe ulikuwa unapiga."