Sanamaki na Treni Iliyowahi

Jamani, mkicheka chekeni tu, mimi mwenyewe nikikumbuka najifunika shuka mpaka usoni, ila aibu siku hizi imepoa, kilichobaki ni hamu ya kumwona Neema, na Neema yuko Makambako.

Chanzo ni mapera. Nilikula mapera mabichi na mbegu zake kama mbuzi, tumbo likafunga, natembea kama nimemeza tofali, na kesho yake asubuhi Neema (dawati jirani tangu kidato cha kwanza, ndiye pekee anayecheka vichekesho vyangu hata vibovu) anapanda treni kuhamia huko Makambako kwa mama yake mdogo. Nami nilikuwa na neno la kumwambia, nimelifanyia mazoezi kwenye kioo.

Jioni bibi akanichemshia majani ya sanamaki, dawa ya kufungua choo. "Kikombe kimoja, kisha ukalale. Asubuhi itafanya kazi."

Nikanywa, nikasubiri, kimya. Bibi alipogeuka kusonga ugali nikajimiminia cha pili, na cha tatu. Kumbe dawa ile ni abiria aliyesinzia, inapita tumboni, inapita utumbo mwembamba, haimgusi mtu, mpaka ifike utumbo mpana, ndipo bakteria wa huko wanaiamsha, na ikiamka utumbo unaanza kujikunja na kusukuma, na maji yaliyopaswa kufyonzwa yanabaki humohumo (nadhani mmenielewa).

Asubuhi bado kimya. Nikabeba mfuko wa mchele wa kijijini Mofu, zawadi ya kumpa Neema, nikatembea kwa maringo, maana Ifakara nani asiyejua treni huchelewa, watu huondoka stesheni wakapike, wale, warudi. Siku hiyo ikawahi.

Nafika, Neema yuko dirishani ananipungia mkono, nikafungua mdomo niseme lile neno, na abiria wangu akaamka.

Nilikimbia na mchele wangu hadi choo cha bati nyuma ya stesheni.

"We Gaspa! Unakwenda wapi? Treni inaondoka!"

"Nakuja!"

"Njoo basi, nina kitu nataka kukwambia!"

(Na yeye!)

"Niambie hukohuko!"

"Mbele ya watu wote hawa? Njoo bwana!"

"Neema, siwezi!"

Mama muuza karanga akamsaidia kuelewa, kwa sauti ya mnadani: "Mwache mwanangu, huyo tumbo limemkamata!"

Behewa zima likaangua kicheko. Katikati yake nikakisikia cha Neema, kile chenye mkoromo kidogo mwishoni, kikaanza kusogea, kikawa chembamba, kikapotelea na treni upande wa Mlimba.

Nilipotoka, reli tupu. Mchele tukaula na bibi, hakunisema sana: "Si nilikwambia kimoja?"

Sasa dawa ya bibi nakunywa kwa kipimo cha bibi, na stesheni nafika mapema hata kama sina wa kumuaga. Nasimama tu. Treni ikipiga honi kuna kitu kinajikunja tumboni, na sanamaki ilishatoka zamani.