Siku Ruphin Alipompiga Trauti

Ruphin amemwoa dada yangu Célestine. Kwao ni mji wa Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, na huko alivua samaki tangu utotoni mpaka vita vilipomtoa. Hapa Johannesburg amelinda magari kwa miaka mingi mbele ya maduka ya Kensington, na jioni anarudi Diepsloot kwenye chumba kimoja cha bati anamoishi na mke na watoto. Hajawahi kulalamika mbele yangu. Ila ni mtu wa wasiwasi.

Mimi nafanya kazi kwenye bwawa la trauti, juu milimani, nje ya jiji. Trauti ni samaki wa maji baridi. Huwekwa bwawani baridi inapoanza, na wageni hulipa kuwavua mpaka joto linaporudi. Mwezi wa saba mwenzetu mmoja aliacha kazi, nikamwomba bosi amjaribu Ruphin. Bosi, Mzungu tunayemwita Oom Deon, yaani mjomba kwa lugha yake, alikubali siku moja tu ya majaribio. Akifaa, atapata kazi na nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala. Akishindwa, basi. Célestine alikuwa ameshaanza kufunga vyombo, na hilo lilinitisha.

Njiani nilimweleza Ruphin kitu kimoja. Samaki wakubwa hawaliwi. Mgeni akimvua, wewe unamtoa ndoana na kumrudisha majini.

"Wanalipa wamvue, halafu wanamwacha?"

"Ndiyo."

"Wana akili timamu?"

"Shemeji, wewe mrudishe tu."

"Sawa. Namrudisha. Namrudisha." Aliendelea kusema hivyo kimoyomoyo, midomo ikicheza, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Mgeni wetu alikuwa Mkenya wa benki, Kamande, amekuja na mkewe Jelimo. Asubuhi nzima alirusha ndoana yake iliyovishwa manyoya mfano wa nzi, asipate kitu. Jelimo alikaa kwenye kiti amejifunika blanketi.

"Baba Roy, tungeenda kununua samaki Mayfair, saa hii tungekuwa tumeshiba."

"Nyamaza, unawatisha."

"Mimi ndiye nawatisha? Na hiyo kofia yako?"

Ruphin hakucheka. Alisimama majini na buti za mpira, wavu mkononi, akiangalia kule juu kwenye nyumba ya Oom Deon.

Ndipo fimbo ya Kamande ikapinda. Alikuwa samaki mkubwa kweli, alikwenda na kurudi, akaruka juu mara mbili. Samaki alipochoka, Ruphin akamzoa kwa wavu, vizuri kabisa, akamtoa ndoana. Nikaanza kupumua. Lakini kwao samaki mkubwa akiingia mtumbwini hupigwa papo hapo, la sivyo ataruka arudi ziwani. Samaki akajipinda mikononi mwake. Ruphin akampiga ngumi moja ya kisogo.

Samaki akanyooka.

"Ai!" alisema Jelimo. "Umemuua?"

Ruphin aliutazama mkono wake. "Mungu wangu. Bibi yangu. Watoto."

"Tutasema amekufa mwenyewe," alisema Kamande kwa sauti ya chini.

"Mwenyewe, na ngumi?" alisema Jelimo.

Gari la Oom Deon lilikuwa linateremka mlima.

Ruphin akapiga magoti majini. Alimshika samaki mkia kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, akakielekeza kichwa pale kijito kinapoingia bwawani, akawa anamsogeza mbele na nyuma polepole ili maji yapite kwenye matamvua. Maji yale ya barafu yalimjaa ndani ya buti. "Amuka, mama," alimnong'oneza. "Amuka."

Oom Deon akafika, mikono mfukoni, akauliza kwa Kiingereza kuna nini.

Kamande akasema samaki amechoka sana.

Tumbo jeupe lilipinduka juu, Ruphin akaligeuza. Likapinduka tena, akaligeuza tena. Kisha tamvua likainuka kidogo. Likainuka tena. Mkia ukampiga kifuani, na samaki akaondoka upandeupande kama mlevi, akapotea.

Oom Deon alisema watu wengine huwatupa samaki majini kama chupa tupu. Hajaona mtu mwenye subira hivi. Aje Jumatatu na familia yake. Nilipomtafsiria Ruphin, Jelimo alijiziba mdomo kwa blanketi.

"Aksanti, bosi," alisema Ruphin, meno yakigongana, macho bado majini.

Wamehamia. Célestine anaimba siku nzima. Lakini kila asubuhi Ruphin analizunguka bwawa lote peke yake. Jana nilimkuta upande wa mbali, ameinama kwenye matete.

"Shemeji, bado unamtafuta? Angekuwa amekufa, tungeshamwona."

"Wanazama kwanza," alisema. "Maji yakiwa baridi wanazama, wanakaa chini, halafu wanaelea juu." Akafunua matete kwa fimbo, akaangalia. "Ukimwona kabla yangu, usimwite bosi. Niite mimi."