Ardhi Nyeupe Nyuma ya Nyumba ya Hamda

Mdogo wangu Tayeb alininyang'anya bustani yangu ya maua kwa neno moja ambalo mimi sikulijua na yeye alilijua. Hakunipiga wala hakunifukuza. Alikaa kando yangu mbele ya waandishi wawili wa sheria, akaona nimeelewa vibaya, akacheka, akanisogezea wino. Nalitaja mapema ili mtu asidhani ninalilia maua tu.

Mimi ni Dalenda, binti wa Hamda mfinyanzi, wa hapa Nabeul. Shule sikwenda. Mwaka niliotakiwa kuanza, mama alimzaa Tayeb, akabaki na homa isiyoisha hadi ikamchukua, na mgongo wangu ukawa kitanda cha mtoto. Yeye aliposoma, mimi nilimfulia shati. Alipopata kazi Tunis na kuoa, nilibaki na baba, ambaye kifua kilikuwa kimejaa vumbi la udongo. Waliokuja kuniposa walikuwa wawili. Wote waliambiwa wangoje, na mwanamume hangoji.

Nyuma ya nyumba palikuwa jalala la vyungu vilivyopasukia tanurini. Nilivizoa vigae hivyo kwa karai mwaka mzima, mikono ikichanika. Kisha jirani yangu Mongia aliniruhusu nivute tawi la asumini lake juu ya ukuta. Nilililaza chini, nikalifukia katikati, nikalikandamiza kwa jiwe. Miezi mitatu sikuona kitu. Siku niliyokata tamaa nikalivuta nitupe, likagoma: lilikuwa limeshika ardhi. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nilipanda kila rangi mwanzoni. Halafu macho ya baba yakaanza kufifia. Jioni moja nilimweka kwenye kiti chake mbele ya mawaridi mekundu, akaniuliza kwa nini mwaka ule hayakuchanua. Nikamkatia moja, nikampa mkononi. Akalinusa, akalileta karibu na macho. Rangi pekee aliyoiona bado ni nyeupe. Kwa hiyo nikang'oa mekundu, nikajaza meupe: asumini ukutani, nargisi kwa majira ya baridi, waridi jeupe karibu na kisima, na katikati mrehani, kwa ajili ya mbu. Mwezi wa saba ungesema mtu ameanika mashuka.

Kila siku baada ya alasiri nilichuma asumini kabla hayajafunguka. Yaliyokwisha kufunguka hayafai, yananyauka kabla ya mtu kuyavaa. Unayafunga moja moja kwenye vijiti vya nyasi kavu kwa uzi mwekundu, unakusanya kikuba, unakifunika kwa jani la mzabibu. Jua likizama yanafunguka yote pamoja mkononi mwako. Miaka ishirini na mbili, na bado kila jioni nilishtuka.

Baba alikivaa kikuba chake sikioni hata alipokuwa hawezi kusimama. Mongia akichungulia mlangoni alimtania, "Mzee Hamda, leo unamposa nani?"

"Wewe, mumeo akikuchoka."

"Alinichoka zamani! Lete mahari."

"Nitaleta Dalenda akufagilie."

"Huyo mwache, ataning'oa nywele apande maua."

Baba alikufa wakati wa nargisi. Siku ya arubaini ilipopita, Tayeb alikuja na karatasi.

"Dada, twende tukaandikishe mali ya baba, mambo yasije yakatuharibikia."

"Na bustani?"

"Bustani nayo imo. Kila kitu kimo."

Hakusema uongo. Ilikuwamo.

Kwa wale waandishi wawili, yule mkubwa alisoma kwa Kiarabu cha vitabuni, upesi, kama mtu ambaye chakula chake kinapoa. Nilisikia "upande wa kwanza" na "upande wa pili" mara nyingi, nikadhani ni pande za nyumba. Kisha akasoma, "na nyuma yake ardhi nyeupe, mita mia mbili." Moyo wangu uliruka. Nani aliwaambia? Nani alipita akaona, hata karatasi ya sheria ikaandika asumini langu?

"Ni kweli, bwana," nilisema. "Nyeupe kabisa. Njoo mwezi wa saba uone, utafumba macho."

Waandishi wakatazamana. Yule mkubwa akainua kichwa, akamtazama Tayeb.

Tayeb akacheka. "Dada yangu na maua yake," alisema, akanisogezea wino. Nikaweka kidole gumba, nikakikandamiza vizuri, nikitabasamu.

Mwezi huohuo wa saba wakaja wajenzi, na msimamizi wao akiitwa Shedli. Alikuwa na kamba na vigingi mkononi, anapima katikati ya mrehani.

"Wewe! Toa mguu hapo. Bustani ina mwenyewe."

"Mama, tumetumwa."

"Karatasi ninayo."

Nikaitoa chini ya godoro. Nilikuwa sina hofu hata kidogo. Nikamwambia asome kwa sauti, vijana wake wote wasikie. Alipofika pale nikamshika mkono. "Rudia hapo. Ardhi nyeupe. Umeona? Sasa geuka utazame."

Shedli akageuka. Akatazama ukuta mzima, akatazama karatasi. Alikunja kofia yake mkononi.

"Mama, nani alikuambia maana yake ni hiyo?"

"Aniambie nani? Kwani sina macho?"

"Kwenye karatasi za ardhi, nyeupe ni tupu. Isiyo na nyumba, isiyo na mti, isiyo na kitu. Na huyu upande wa pili ndiye wewe. Hapa umemwachia ndugu yako ardhi hii yote."

Nilimwambia asome tena. Akasoma. Nilimwambia mara ya tatu, naye, Mungu amlipe, akasoma mara ya tatu.

Alinipa siku tatu. Asumini halihamishwi mwezi wa saba, mizizi inakufa kwa joto, lakini nilichimba. Nilijaza makopo kumi na tisa ya nyanya na ya harisa, pilipili ya kusaga. Tayeb alikuja siku ya pili na mkewe, Rafika, wakanikuta nimepiga magoti kwenye shimo.

"Wifi, unajitesa bure," alisema Rafika. "Maua yamejaa sokoni. Nitakununulia ya plastiki, hata maji hayataki."

"Na wewe ukichakaa, tumnunulie Tayeb mke wa plastiki?"

Akaenda kungoja garini. Nikamgeukia ndugu yangu.

"Nilisema mbele yako kwamba ni nyeupe. Ulinisikia?"

"Ulisomewa, dada, ukaweka kidole."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ulijua nilichodhani."

Alitazama funguo zake. "Nina watoto watatu. Wanalala chumba kimoja, Tunis. Kodi inanimaliza."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Basi ndiyo maana mtu huomba, Tayeb."

Sasa ni mwaka wa nne. Nyumba yake ya ghorofa mbili imesimama pale, na wanawe wananiita shangazi vizuri tu. Wao hawana kosa. Mimi nina vyumba vya mbele. Kati ya makopo kumi na tisa yamebaki saba, yamepangwa dirishani, lakini ukuta wake unakula jua tangu adhuhuri. Asumini linatoa vitumba, vinageuka njano, vinaanguka kabla ya kufunguka. Jana nilichuma vinne. Kikuba kinataka arubaini.

Nilikwenda kwa waandishi. Yule mdogo amekufa. Yule mkubwa ananikumbuka. "Nilidhani mnataniana, bibi," aliniambia, na hakunitazama usoni. Akasema kidole ni kidole, hawezi kukifuta kwa neno langu peke yake. Ila Tayeb akija mwenyewe akakiri kwamba alijua sikuelewa, ataliandika neno lake, na hakimu atalazimika kulisoma. Mongia amempelekea Tayeb ujumbe huo mara mbili. Mara ya kwanza alisema ana kazi. Mara ya pili alisema mambo ya ndugu hayapelekwi mahakamani.

Kila Ijumaa Tayeb ananipitia mlangoni na mkate, ananisalimu, anauliza kama ninahitaji kitu. Nahitaji. Ananidai heshima ya dada, nami nimemlipa tangu alipokuwa mgongoni. Yeye bado hajanilipa neno hili: "Nilijua dada yangu hakuelewa, nikanyamaza." Alitamke mbele ya mwandishi yule mzee, ambaye mikono yake tayari inatetemeka akishika kalamu.