Kosa Langu kwa Jina la Bwana Gervasi

Siku ya kwanza nilifika kazini pekupeku. Vijana wengi wa Uyui tulikuwa hivyo enzi hizo na hakuna aliyetushangaa. Tulipangwa vibarua saba uani mwa ofisi ya upimaji, Tabora mjini. Bwana mmoja mfupi, mwenye kofia iliyopauka kwa jua, akapita mbele yetu akituangalia miguu badala ya nyuso. Akasimama kwangu.

"Jina?"

"Masanja, bwana."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne. Nikaacha nikachunge."

"Kuhesabu unajua?"

"Ng'ombe nilikuwa sipotezi."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Ng'ombe akipotea analia," alisema. "Mshale haulii. Njoo na mimi."

Huyo ndiye Bwana Gervasi, mpima ardhi, Mfipa, mtu wa maneno machache. Kesho yake aliniletea viatu vyake vya zamani vya ngozi. Vilikuwa vikubwa, nikavijaza matambara mbele, na nilivivaa mpaka soli zikaisha. Hakunitajia viatu vile tena, si kwa uzuri wala kwa ubaya. Watu wengi wakikupa kitu, kila wakikutana nawe wanakiangalia. Yeye alikuwa akiangalia kazi.

Sasa nyie vijana mnaopima kwa mashine inayosema na setilaiti, mniwie radhi, nieleze tulivyofanya. Tulikuwa na mnyororo wa chuma wa mita ishirini. Watu wawili wanaushika, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa mbele anachukua mishale kumi. Mishale hiyo ni vipande vya waya mgumu vyenye ncha chini na kitanzi juu, tumefunga kitambaa chekundu kionekane nyasini. Mnyororo ukinyooka na kukazwa, wa mbele anachoma mshale mmoja ardhini, mnasogea. Wa nyuma akiufikia anaung'oa, anaushika mkononi. Mwisho wa mstari, mishale iliyo mkononi mwa wa nyuma ndiyo idadi ya minyororo. Minane mkononi ni mita mia na sitini. Hakuna karatasi wala kalamu, mkono wako ndio kitabu. Bwana Mpima anakuuliza, wewe unajibu, yeye anaandika. Anaandika ulichosema.

Ndiyo maana nasema kazi ya mshika mnyororo si ya kubeba tu. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe kwenye njia ya misafara mpaka pwani na kurudi, na katika maisha yake yote hakuna aliyemuuliza swali akaandika jibu lake. Mimi niliulizwa. Nilijivuna sana kwa hilo, na bado najivuna.

Bwana Gervasi alinifundisha mengine ambayo hayakuwa kazi yangu. Wakati wa mapumziko ya mchana, wenzangu wakilala kivulini, alinichorea tarakimu mchangani kwa kijiti. Alinifundisha nukta, kwamba ikisogea nafasi moja tu shamba la mtu linakuwa kitanda au linakuwa wilaya. Alinifundisha kuning'iniza timazi chini ya darubini ya kupimia pembe, ile kamba yenye risasi nzito inayoonyesha kama chombo kimesimama sawasawa juu ya alama. Nikikosea hakufoka. Alifuta mchanga kwa kiganja na kusema, "Tena."

Kipindi hicho tulipelekwa kupima mashamba ya kijiji kimoja upande wa Goweko, ndani kabisa, ambako barabara ya gari ilifuata ile njia ya zamani ya wapagazi. Wazee wa kijiji walikuwa wamekwisha kubaliana: shamba la Mzee Kulwa, mkulima wa tumbaku, lianzie barabarani liingie ndani minyororo minane. Nyuma yake lianze shamba la mama mmoja mjane, Nyamizi, ambalo ndani yake mlikuwa na kisima alichochimba yeye na marehemu mumewe kwa mikono yao. Kisima hicho kilikuwa hatua chache tu kutoka ulipotakiwa kuwa mpaka.

Mstari huo niliupima mimi, nikiwa wa nyuma. Wa mbele alikuwa kibarua mgeni, ana siku mbili kazini. Nyasi zilikuwa kifuani. Nilipofikisha mishale minane mkononi nikapiga kelele, "Nane!" Tukapiga kigingi pale.

Jioni nikirudisha mishale mfukoni nikahesabu tisa. Minane yangu, na mmoja aliobaki nao mgeni. Ilitakiwa abaki na miwili.

Mtu yeyote wa mnyororo anajua maana yake. Mshale mmoja umebaki nyasini, sikuung'oa, kwa hiyo tulipima minyororo tisa nami nikasema minane. Nilijua. Lakini nilijiambia kwamba pengine umeanguka njiani tukirudi kambini. Nilikuwa na mke mwenye mimba, na kazini nilikuwa na miezi mitano tu. Nikaenda kwa fundi baiskeli wa kijijini, nikaomba spoku iliyokatika, nikaikunja kitanzi, nikafunga kitambaa chekundu. Mishale ikawa kumi.

Baada ya siku nne tukamwaga zege, tukasimamisha bikoni, yaani zile nguzo fupi za mpaka. Kisima cha mama Nyamizi kikawa ndani ya shamba la Kulwa.

Mama yule hakupiga yowe. Alikuja kambini asubuhi na ndoo yake tupu, akaiweka chini mbele ya meza ya Bwana Gervasi.

"Shikamoo, mama," Bwana Gervasi akamwamkia.

"Marahaba, baba. Nimekuja kuuliza. Kisima hakitembei. Mpaka ndio umetembea. Nani kautembeza?"

Kulwa alikuwa amemfuata nyuma. "Mama Nyamizi, mimi nina kitalu cha miche ya tumbaku kinataka maji asubuhi na jioni. Ukitaka kugombana, gombana na mnyororo. Mnyororo hausemi uongo."

"Mnyororo hausemi kitu," mama akajibu. "Ni chuma. Wanaosema ni watu."

Nilikuwa nimesimama pembeni nikikunja hema. Bwana Gervasi akawaomba warudi mchana. Walipoondoka akaniita nimletee mfuko wa mishale. Akaimwaga mezani.

"Masanja, mishale yetu ni mingapi?"

"Kumi, bwana."

"Yetu mingapi, na ya baiskeli mingapi?"

Nikamwambia yote, nikiwa nimeinama. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema twende. Tukaufuata mstari ule wawili tu, tukipapasa nyasi. Karibu na mnyororo wa sita tukaukuta, umesimama wima, kitambaa kimepauka. Aliung'oa akanipa.

Nikamwambia, "Bwana, mchana nitasimama niwaambie."

"Hapana," alisema. "Wewe ukitajwa, mkubwa wetu wa upimaji mkoani ataandika jina lako. Mtu wa darasa la nne akiandikwa vibaya mara moja hafutiki. Mimi nina cheti. Nitapona."

"Lakini kosa si lako."

"Aliyeandika nane ni mimi. Wewe utabomoa bikoni."

Mchana watu wakajaa, maana habari kijijini haihitaji tarumbeta. Bwana Gervasi akasimama kando ya bikoni, akavua kofia. "Ndugu zangu, mstari huu umezidi mnyororo mmoja. Hesabu niliyowapa haikuwa sahihi."

Kulwa akauliza, "Kwa hiyo mnyororo wa serikali unalewa?" Watu wakaangua kicheko.

"Haukulewa, mzee. Mpima ndiye aliyekosea, na mpima ni mimi."

"Na kitalu changu nikimwagilie kwa mate?"

Mama Nyamizi ndiye aliyemjibu. "Maji utachota, Kulwa. Nani alikunyima? Ila utapiga hodi."

Nikachukua mtaimbo nikaanza kuvunja zege. Lilikuwa gumu, tulilimwaga vizuri, ole wetu. Baada ya muda nikasikia mtaimbo wa pili ukigonga upande mwingine. Bwana Gervasi alikuwa amevua shati. Sijawahi kumwona mpima mwingine akivua shati mbele ya wanakijiji, na nimefanya kazi chini ya wengi.

Taarifa aliiandika mwenyewe, akatia sahihi yake. Mkubwa wa mkoa alikuja na gari, na sisi vibarua tulisikia kutoka nje ya hema. "Gervasi, zege linavunjwa kwa uzembe wako, na mimi nijibu nini juu?" Yeye akajibu, "Jibu kwamba limerekebishwa." Basi.

Baada ya hapo nilizunguka sana. Nilikaa Usoke, nikaenda Urambo, nikapelekwa Nzega na Igunga, ambako jua linakausha mate mdomoni. Nilikuwa chini ya Bwana Mpima mmoja tuliyemwita Haraka, aliyetaka mistari sita kwa siku, na mwingine aliyekuwa haondoki kwenye gari. Niliwatii wote, lakini mishale niliihesabu nilivyofundishwa, mwanzo wa mstari na mwisho wa mstari, na wa mbele nikamlazimisha ahesabu iliyobaki mkononi mwake. Haraka alinitukana, "Wewe mzee wa darasa la nne unanichelewesha." Nikamwambia, "Ndiyo, bwana," nikaendelea kuhesabu. Nilipanda polepole mpaka nikawa mpima msaidizi, naandika mwenyewe kwenye kitabu cha shambani. Wenye vyeti walikuja kuniuliza mambo ya mipaka ya zamani. Sisemi hivi kwa kujisifu bure. Nasema kwa sababu ni kweli.

Vijana niliowaongoza wananisifu kwamba sikufukuza mtu kwa kosa alilolisema mwenyewe. Wasinisifu mimi. Sikubuni kitu.

Nilikuwa nimekwisha kustaafu nilipokutana msibani na karani wa zamani wa masjala, pale yanapotunzwa mafaili. Tukaongea ya zamani. Akasema, "Yule Gervasi wako alikuwa kwenye orodha ya kwenda makao makuu. Ile taarifa ya zege ndiyo iliyomtoa. Wakamwacha porini miaka mingine sita."

Miaka sita ya hema, na watoto wake walikuwa wadogo mjini wakilelewa na mama yao peke yake. Nami katika miaka hiyohiyo nilikuwa nakutana naye, namwamkia, ananiuliza habari za mke wangu. Hakusema. Aliniambia atapona, nami nikachukua neno hilo nikalalia.

Nikanunua karatasi. Mwandiko wangu ni wa mchungaji wa ng'ombe, lakini sikutaka mtu anichapie. Niliandika kwa ofisi ya upimaji kwamba kosa la mstari ule halikuwa la Bwana Gervasi, lilikuwa la Masanja, mshika mnyororo wa nyuma, aliyepoteza mshale. Nikaomba barua iwekwe ndani ya faili. Kabla ya kuipeleka nikaona si adabu kusema habari za mtu nyuma yake. Nikaenda Kanyenye, kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya maduka. Yupo, macho yamepungua nuru, anasoma kwa kioo cha kukuzia.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, Masanja. Wewe umeshakuwa babu, bado unaniita bwana?"

"Nitakuitaje?"

Akacheka kidogo, akapokea barua. Alisoma taratibu, kioo kikipita juu ya mstari mmoja baada ya mwingine.

"Ya nini hii? Faili lile limeliwa na mchwa."

"Basi mchwa wasome jina langu, si lako."

Nilidhani ataichana. Kisha akaweka kidole kwenye karatasi.

"Hapa umeandika ulipoteza mshale."

"Ndiyo, bwana."

"Nami nimepoteza mishale. Kila aliyepita kwenye nyasi amepoteza. Hilo si kosa la kuandikia barua. Wewe ulifanya nini?"

Nilikuwa mzee mwenye wajukuu, nimekaa kwenye kiti cha mtu, nikainama kama siku ile kambini.

"Niliuficha upotevu wake."

"Hilo halimo humu."

Akamwita binti yake alete kalamu. Nikaandika upya pale pale mezani, yeye akinishikia kioo juu ya karatasi kana kwamba ni mimi nisiyeona: nilijua mshale umepotea, nikajua maana yake, nikaficha siku nne mpaka zege likamwagwa. Akasoma tena. Akaikunja mara mbili, akanirudishia.

"Sasa ipeleke," alisema.