Kirikuu cha Wadhamini Ishirini na Watatu

Kwa hesabu niliyoipiga mwenyewe juu ya boneti, mbele ya mlinzi, yadi moja ya magari pale Kihonda ilipaswa kumlipa mjomba wangu shilingi laki sita ili akubali kuchukua gari lao. Niliirudia hesabu mara tatu. Dada wa mauzo aliipiga kwa kikokotoo cha simu, akapata laki sita hiyohiyo, akaifunga simu na kuiweka mfukoni kama vile ndiyo iliyokosea.

Mjomba analima kabichi Mgeta. Msimu uliopita alisubiri lori la mchuuzi siku tisa, na lilipofika kabichi zilikuwa zimeoza, mchuuzi akamlaumu yeye. Safari hii aliapa kwamba kabichi zikikomaa atazishusha mjini kwa gari lake mwenyewe. Kwa hiyo alitaka kirikuu, ile pikapu ndogo inayopanda milima kama mbuzi, na alikitaka kabla ya mavuno. Alinipigia simu mimi kwa sababu naishi Mwembesongo na, kwa maneno yake, nasoma mpaka maandishi ya chini ya kiberiti.

Basi nikaenda kusoma. Bango la yadi lilikuwa na ofa tatu. Ya kwanza, riba sifuri kwa mwaka mzima. Ya pili, punguzo la kianzio: kianzio ni milioni nne, na kila mdhamini atakayesaini anapunguza laki mbili. Ya tatu, kukodi miaka mitatu, kisha unarudisha gari au unamalizia bei. Huwezi kuchukua mbili kwa pamoja. Niliuliza bei ya kirikuu kwa anayelipa taslimu, halafu bei ya kirikuu hichohicho kwa anayechukua riba sifuri. Riba ilikuwa sifuri kweli. Ila bei ilikuwa imepanda, na tofauti yake ilifanana sana na riba. Nikaandika kwenye daftari: ofa ya pili, wadhamini wawili au watatu, dhamana iwe barua ya shamba yenye mhuri wa kijiji.

Hapo ndipo nilipokosea, kwa kuwa nilimtajia mjomba shamba.

Shamba la Mgeta si la mjomba. Ni la ukoo wetu, unaokwenda kwa mama. Mjomba ni msimamizi tu. Mke wake si wa ukoo huo, na watoto wake ni wa ukoo wa mama yao. Hakuna mtu anayeweza kuliweka shamba hilo rehani peke yake, hata kwa saa moja, na mwenyekiti wa kijiji hagongi mhuri mpaka ukoo wote ukubali. Jumatatu asubuhi ukoo ukashuka Kihonda kwenye lori la karoti. Pamoja nami walikuwa wadhamini ishirini na watatu, mjomba hakuhesabiwa kwa kuwa ndiye mkopaji; wengi walikuwa wanawake, na mama yangu akiwemo. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya punguzo. Walikuja kwa sababu ndivyo inavyofanyika.

Dada wa mauzo alikuwa binti mwenye adabu. Alianza shikamoo ya kwanza kwa tabasamu, na alipofika ya kumi na tano alikuwa anaitikiwa marahaba hata na asiowaamkia. Yadi ina desturi ya kumpa kila mteja soda. Mlinzi alitumwa dukani mara mbili.

"Mzee, hawa wote wanasaini?" dada aliuliza.

"Wote," mjomba alisema. "Ukimwacha mmoja, nitalala wapi mimi?"

Dada akajaribu kuwapeleka kwenye ofa ya tatu. "Mnakodi tu, hamhitaji shamba. Baada ya miaka mitatu mnarudisha."

"Nirudishe?" mjomba alishtuka. "Nilioshe, nilizoeshe milima ya Mgeta, halafu nirudishe? Mimi ni mlezi wa magari?"

"Basi riba sifuri."

Mama mkubwa, dada wa kwanza wa mama yangu, aliweka chupa yake chini. Ndiye mkubwa kuliko wote. "Binti, mtu anakuwekea vitu vitatu mezani anasema ni vya kwako, ukinyoosha mkono anakwambia chagua kimoja. Huo ni mtihani. Mimi shule niliacha."

Tukasaini. Waliosoma kwa kalamu, wengine kwa dole gumba. Ndipo nilipopiga ile hesabu: laki mbili mara ishirini na tatu, milioni nne na laki sita, wakati kianzio ni milioni nne tu.

Dada alimpigia meneja Dar es Salaam na kuweka spika.

"Wadhamini mwisho wawili!" meneja alisema.

"Imeandikwa wapi?" nikauliza.

Tulisikia karatasi zikifunuliwa. "Haijaandikwa, lakini inaeleweka. Chagueni wawili."

"Wakisaini wawili, barua ya shamba haipati mhuri," nikamwambia. "Bila barua hamna dhamana."

"Basi wasaini wote, ila punguzo la wawili."

"Kwa hiyo dole langu mnalitaka ila halina thamani?" mama mkubwa aliiuliza simu. Watu walicheka, mlinzi naye. Meneja alikata simu.

Alipiga tena baada ya nusu saa, akiwa mpole. Akasema kianzio kimefutwa chote. Kirikuu ni cha mjomba, atalipa kila mwezi kama wengine. Sharti ni moja: wote ishirini na watatu wasaini karatasi ya pili, kwamba hawaidai yadi ile laki sita. Pasipo karatasi hiyo, gari halitoki getini.

Mjomba alisaini kabla wino haujakauka kwenye printa. Mama yangu na mimi tulisaini, shangazi zangu hawakuwepo kwa kuwa ni wa ukoo mwingine, na waliobaki walifuata kwa mstari. Mama mkubwa aliisikiliza karatasi ikisomwa mara mbili.

"Mmesema hamdaiwi," alimwambia dada. "Kama hamdaiwi, mbona mnataka tuwasamehe?"

"Mama, ni utaratibu tu."

"Nami nina utaratibu. Dole linauma."

Akapanda lori, akakaa mbele, pembeni ya dereva.

Leo ni Jumatano. Nimetoka yadi asubuhi. Kirikuu kimeoshwa, kimejazwa mafuta, funguo ziko kwenye droo ya dada wa mauzo. Mjomba amepiga simu kutoka Mgeta kwamba kabichi zimeanza kupasuka, na vibarua wataanza kukata kesho alfajiri. Sahihi za wadhamini kwenye karatasi ya pili ziko ishirini na mbili.